Pikipiki ya zamani haina moto? Usikimbilie kununua CDI, fuata waya kwanza

Wakuu habari za saa hizi. Mimi nina Honda XL125S ya volti 6 aliyokuwa anatembelea baba mdogo enzi akiwa bwana shamba, alipostaafu akaniachia, na nimeifufua mara nyingi mpaka saizi nikisikia tu inavyokataa kuwaka najua pa kuanzia. Naandika hapa kwa sababu kila mara nakutana na mtu ana XL, CG125, Yamaha AG100 au DT imekaa stoo, anaipeleka kwa fundi, fundi anapiga kiki tatu nne anasema "CDI imekufa hiyo mzee", mtu anatoa hela ananunua CDI (kile kiboksi cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi iruke), haiwaki, anaambiwa koili, ananunua koili, haiwaki, mwisho chombo kinauzwa kilo kwa kilo kwa watu wa chuma chakavu. Inauma kwa kweli. Kwenye pikipiki nilizoshika kwa mikono yangu CDI iliyokufa kweli ni chache mno, nyingi ni waya, bodi (yani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha injini na fremu), swichi au koili za ndani. Ndio maana hapa tutaanza kwenye plagi turudi nyuma pole pole, CDI tutaifikia mwisho kabisa.

Vitu vya kuwa navyo: mita ya digito, ata ile ndogo ya njano inatosha, plagi mpya moja, spana ya plagi, msasa laini, bisibisi, kipande cha waya chenye klipu pande zote mbili, na balbu moja ya indiketa uliyoiunga waya mbili. Basi.

Kwanza ujue moto wa pikipiki yako unatoka wapi

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, anahangaika na betri wakati pikipiki yake ata haiihitaji betri kupiga moto, au kinyume chake.

Kuna za pointi (vikontakti vidogo vinavyofunguka na kufunga injini ikizunguka), kama zile CG125 za mwanzo zilizoanza kutoka mwaka 1976, hizo leo naziacha. Kuna za CDI ya AC (umeme wake unatoka moja kwa moja kwenye magneti), hizi ndizo nyingi kwenye pikipiki zetu ndogo za zamani. Ndani ya magneti (lile gurudumu la sumaku linalozungushwa na injini) kuna koili yenye waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana, sumaku ikizunguka inatoa volti mia na kupanda, ukipiga resi inafika mia mbili na zaidi, umeme ule unaingia kwenye CDI unajaa kwenye kapasita (kihifadhi umeme). Alafu kuna kikoili kingine kidogo kinaitwa pulsa, kwenye nyingine kipo pembeni ya magneti, kuna Honda ambazo kipo juu kwenye silinda hedi mwisho wa kemshafti, chenyewe kazi yake ni kutoa ishara tu kwamba pistoni imefika. Ishara ikifika CDI inafungua, kapasita inamwaga umeme wote kwa mpigo kwenye koili ya plagi, koili inaukuza mpaka maelfu ya volti na cheche inaruka. Sasa angalia hapo, betri haijatajwa popote. Pikipiki ya hivi betri ikifa kabisa inatakiwa iwake kwa kiki kama kawaida, taa na honi ndo zitasumbua.

Ya tatu ni CDI ya DC pamoja na zile za transista, hizi zinakula umeme wa betri. Betri ikishuka sana hamna moto, hamna mjadala.

Utajuaje yako ni ipi? Chomoa waya wa hasi wa betri, washa funguo, toa plagi uilaze kwenye chuma cha injini, piga kiki. Cheche ikiruka bila betri hiyo ni AC. Isiporuka bado hujui, kwa sababu inawezekana ni AC mbovu, hapo angalia waya zinazotoka kwenye kava la magneti kwenda CDI. Kwenye Honda nyingi za AC, na hizi za Kichina zilizofuata injini ya CG, kuna waya mweusi wenye mstari mwekundu unatoka kwenye magneti moja kwa moja mpaka CDI. Ukiuona huo jua ni AC. Kama CDI inapata waya mweusi mtupu kutoka kwenye funguo, hiyo ni ya betri, na wewe anza na sehemu ya betri huko chini ndio urudi hapa.

Rangi usizihamishe kutoka kampuni moja kwenda nyingine! Kwenye Honda kijani ndio bodi na mweusi mtupu ni chanya ikishapita kwenye funguo. Yamaha mweusi mtupu ndio bodi na kahawia ndio chanya ya funguo. Suzuki mweusi wenye mstari mweupe ndio bodi, wakati waya wa rangi hiyo hiyo kwenye Honda ndio wa kuzimia moto. Nimeona pikipiki nzuri kabisa imeunguzwa waya zote na mtu aliyezoea Honda akaenda kushika Yamaha.

Angalia cheche, lakini kwa adabu

Toa plagi, chomeka kwenye kofia yake, laza chuma cha plagi kikae vizuri kwenye fini au nati ya injini, mbali na lile tundu ulilotolea plagi, maana petroli inapumulia hapo na moto unaweza kukurukia usoni. Kaa kivulini, kwenye jua la saa saba cheche nzuri unaweza usiione ukasema haipo. Piga kiki kwa nguvu mara nne tano.

Cheche ya bluu inayolia "ta! ta!" hiyo ni nzima, tatizo lako litafute kwenye kabureta au muda wa moto. Cheche nyembamba ya njano au nyekundu inayoruka mara moja moja ni dhaifu, ikibanwa na presha ndani ya silinda inakufa. Isiporuka kabisa tunaendelea.

Usipige kiki waya wa plagi ukiwa unaning'inia hewani bila kugusa bodi. Ule umeme ukikosa pa kutokea unatafuta njia ndani ya koili au ndani ya CDI, hapo unaua kitu kilichokuwa kizima. Na usishike waya kwa mkono, hizi CDI zinapiga vibaya sana, mtu mwenye matatizo ya moyo asijaribu kabisa.

Kabla ya kitu kingine weka ile plagi mpya. Kwa XL na CG wengi tunatumia NGK D8EA, uwazi milimita 0.6 mpaka 0.7. Kuna plagi za bei chee sana mtaani zenye boksi linalofanana na la halali, hizo zimewahi kunipotezea siku nzima, kwa hiyo ata plagi mpya ijaribu kwenye pikipiki nyingine inayowaka kabla hujaiamini. Kofia ya plagi nayo inazungushwa, inatoka kwenye waya kama bisibisi, itoe uipime kwa mita, nyingi zinasoma karibu 5,000 ohm (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ikisoma makumi elfu au isiposoma kitu tupa. Waya wenyewe kata nusu sentimita mwishoni upate shaba safi alafu zungushia kofia. Kazi ya dakika mbili, na pikipiki nyingi zinaponea hapa hapa.

Waya wa kuzimia, huu ndio mchawi mkubwa

Naomba hapa msome taratibu. Kwenye CDI ya AC, swichi ya funguo na ile ya mkononi ya kuzimia hazileti umeme wa kuwasha. Zinafanya kinyume, ukizima zinaupeleka ule umeme wa CDI kwenye bodi ufie huko. Maana yake waya huo ukigusa chuma popote, kwenye fremu, ndani ya swichi yenye maji, pikipiki inakuwa imezimwa muda wote ata kama funguo umeuwasha.

Kwenye Honda ni huo mweusi wenye mstari mweupe. Nenda kwenye soketi ya CDI, uchomoe huo mmoja peke yake, acha zingine, piga kiki. Cheche ikirudi umemaliza, CDI nzima, koili nzima, tatizo ni swichi au waya kati ya hapo na swichi. Ila ujue kuzima sasa hivi hutaweza kwa funguo, itabidi uzimie kwa gia au kwa kuziba hewa.

Yangu ilinitesa miezi miwili. Ilikuwa inawaka vizuri, nikikata kona ya kushoto inazima, nikinyoosha usukani inawaka. Nilishanunua CDI mbili, ya pili niliifuata Kariakoo, na kila fundi akiiwasha pale kijiweni inawaka maana usukani umenyooka. Siku moja nimechoka nikafungua tanki, nikaikunjua lundo la waya pale shingoni fremu inapokutana na usukani, nikakuta ule mweusi-mweupe umesagika upande mmoja, plastiki imeisha kabisa kama urefu wa punje ya mchele, shaba inang'aa kwa sababu kila nikikata kona inasuguliwa na chuma. Kipande cha tepu na kuuhamishia njia nyingine, imeisha mpaka leo.

Pale shingoni ndio pa kuangalia kwanza kwenye pikipiki yoyote ya miaka arobaini. Na sio kusagika tu, waya unaweza kukatika ndani huku plastiki ya nje iko salama. Shika waya kwa vidole viwili, vuta kidogo, ukiona sehemu inarefuka kama jojo basi shaba hapo imekatika. Ukichana plastiki unakuta ndani ni unga wa kijani. Usiunge kwa kusokota na kupiga tepu, kata mpaka ufikie shaba safi, unga kwa lehemu, funika vizuri.

Swichi nazo fungua, ile ya mkononi ina vikontakti vidogo vya shaba na springi, fungulia juu ya kitambaa cheupe maana ile springi ikiruka kwenye mchanga huipati. Safisha kwa spiriti na msasa laini, paka grisi kidogo sana, rudisha.

Kwa wenye pikipiki ya DC, kwenu swichi inaleta umeme wa kuwasha, kwa hiyo ukichomoa hamna kitu. Nyie pimeni volti kwenye waya wa chanya pale pale kwenye soketi ya CDI, funguo ikiwa imewashwa, mlinganishe na volti za betri. Tofauti ikizidi nusu volti, swichi au soketi imechoka.

Bodi

Injini, fremu, koili na CDI vyote vinarudishia umeme kwenye bodi. Pikipiki iliyopakwa rangi upya inakuwa nzuri kwa macho alafu haiwaki, kwa sababu rangi imeingia chini ya boliti za koili. Fungua boliti za koili, kwangua rangi mpaka chuma kionekane, kaza. Fanya hivyo hivyo kwenye waya wa kijani wa wairingi unapofungwa kwenye fremu na pale betri inapoungwa na bodi. Kujaribu haraka, chukua ule waya wenye klipu, upande mmoja shika kwenye chuma cha koili, upande wa pili kwenye injini, piga kiki. Cheche ikiongezeka nguvu umeshajua.

Koili ya plagi na koili za ndani

Sasa mita inaingia kazini, weka kwenye ohm. Koili ya plagi, kati ya waya wake mwembamba na bodi yake inasoma ndogo sana, chini ya ohm moja kwa nyingi za CDI. Kati ya huo waya mwembamba na waya mkubwa wa plagi kofia ikiwa imetolewa, nyingi zinasoma elfu 3 mpaka elfu 10. Ila koili inaweza kusoma vizuri na bado ikavuja ikipata volti kubwa, iangalie usiku gizani wakati mwenzako anapiga kiki, ukiona vicheche vinatambaa juu ya mwili wa koili kuelekea kwenye fremu, ina ufa.

Koili ya ndani inayolisha CDI pima kati ya mweusi-mwekundu na bodi, soketi ikiwa imechomolewa. Nyingi zinasoma kati ya 200 na 600 ohm. Pulsa mara nyingi ni 100 mpaka 250, kwenye Honda ni waya wa bluu wenye mstari wa njano. Kama una kitabu cha pikipiki yako fuata namba za kitabu, hizi zangu ni za kukupa picha. Ukipata sifuri imejigusa, mita isiposoma kabisa waya umekatika ndani. Alafu weka mita kwenye volti za AC, chomoa CDI, mwenzako apige kiki ya nguvu, koili nzima inarusha makumi ya volti na zaidi hapo hapo kwa kiki tu. Vidole viwe mbali na vyuma vya mita.

Kama lazima ufungue magneti, tumia pula yake (kifaa cha kuivuta itoke). Naomba sana msigonge kwa nyundo. Nyundo inalegeza sumaku zilizogundishwa mle ndani, inaweza kupinda ncha ya krenki, na kuna kile kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachoshikilia magneti isizunguke kwenye krenki, hicho kikikatika unapata cheche nzuri tu ya bluu lakini inapiga wakati sio wake, pikipiki inakohoa kwenye kabureta na kiki inarudisha mguu. Ukiona hivyo, cheche ipo ila kiki inapiga mguu, anza na hicho kipande.

Inawaka ya baridi, ikipata moto inazima

Hili ndio tatizo linalopeleka watu kubaya zaidi, kwa sababu ukifika kwa fundi pikipiki imeshapoa na inawaka. Rafiki yangu ana CG, akitoka Morogoro mjini kuelekea Mikese, akikaribia kufika inakata kama umezima swichi. Anakaa chini ya mwembe dakika ishirini, anapiga kiki moja, inawaka. Kila safari.

Kitu cha kwanza ikizima fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia "fyuuu" hewa ikiingia na pikipiki ikawaka baada ya hapo, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba, haina uhusiano na umeme kabisa. Yake haikuwa hivyo. Cha pili, pale pale barabarani kabla haijapoa, toa plagi uangalie cheche. Ndio maana nasema plagi ya ziada na spana yake zikae chini ya siti, kipimo cha ugonjwa huu kinafanyika mgonjwa akiwa na homa. Hamna cheche, basi umeme.

Tulirudi nayo nyumbani, tukapima pulsa ya baridi ikasoma 180 ohm, safi kabisa. Dada yangu ana saluni, tukaazima drai ya nywele, tukaipulizia ile pulsa huku mita imeshikiliwa. Namba ikawa inapanda taratibu, 190, 200, ikafika 220 na kitu hivi, alafu ghafla mita ikaandika haisomi. Tukaacha ipoe, baada ya dakika kama kumi namba ikarudi yenyewe. Waya ndani ulikuwa umekatika, ukipoa ncha zinagusana, ukipata joto zinaachana. Pulsa mpya ya hizi za Kichina za injini ya CG ikaingia pale pale kwa boliti mbili, tukaacha uwazi wa karibu nusu milimita kati yake na nundu la magneti, mpaka leo anaenda Mikese na kurudi. Namba kupanda kidogo kwa joto ni kawaida ya shaba, msiogope, tatizo ni pale inapokata.

Koili ya plagi na koili ya kulisha CDI nazo zinaugua hivi hivi, pima kwa njia ile ile.

Haya, CDI sasa

Umefika hapa plagi nzima, kofia nzima, waya wa kuzimia umechomoa bado haiwaki, bodi safi, koili zote zinasoma ya baridi na ya moto. Sasa ndio CDI. Kuipima kwa mita haikupi jibu la kuaminika, njia ya uhakika ni kuazima iliyo nzima kwenye pikipiki inayofanana ukaijaribu. Ya AC kwa AC, ya DC kwa DC, soketi zinaweza kufanana na bado moja ikaiua nyingine, lazima ulinganishe waya moja moja na sio kuangalia umbo la soketi. Kabla ya kuitupa ya zamani angalia pini zake, kuna nyingi nimezikuta na kutu ya kijani kwenye pini tu, ukisafisha inafufuka.

Betri

Betri ya 6V ina vyumba vitatu, ya 12V ina sita, kila chumba kikijaa ni volti 2.1 hivi. Kwa hiyo iliyojaa ni kama 6.3 kwa 6V na 12.6 au zaidi kidogo kwa 12V. Pima ikiwa imepumzika masaa kadhaa baada ya kuchaji, sio saa hiyo hiyo. 12.2 ni nusu, 12.0 kushuka chini imeisha. Alafu ipe mzigo, washa taa kubwa na honi ukiwa unaangalia mita, ikianguka mpaka chini ya 11 betri hiyo imechoka ata kama ilianza na 12.6.

Kinachoua betri nyingi za kwetu kinatokea dukani siku ya kuinunua. Betri inakuja kavu, muuzaji anamimina tindikali, anakupa, unaifunga, unaondoka. Betri hiyo haijajaa! Imwagie tindikali, iache kama saa moja inywe na ipoe, angalia kiwango tena, alafu ichaji kwanza kabla ya kuifunga. Chaji kwa ampia ndogo, moja ya kumi ya ukubwa wake, yani betri ya 5Ah ichajiwe kwa nusu ampia. Ukimpelekea mtu anayechaji betri za magari, akaishika kwenye chaja yake kubwa, inachemka inapinda sahani ndani, kifo.

Maji yakipungua ongeza maji ya betri yaliyotoneshwa (distilled water), usiongeze tindikali na usiongeze ya bomba. Kile kipira cha kupumulia kisipigwe kona wala kisiishie juu ya cheni, tindikali inakula cheni. Kwenye vichwa ukikuta ukoko mweupe au wa kijani, toa waya wa hasi kwanza alafu chanya, osha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, vifuniko vya vyumba viwe vimefungwa magadi yasiingie ndani, kausha, rudisha ukianza na chanya, paka mafuta ya mgando juu.

Pikipiki ikisimama mwezi na zaidi toa betri, ichaji kila baada ya wiki tatu nne. Betri ikikaa tupu sahani zinaota weupe, na weupe huo ukishakomaa haurudi.

Betri nzima lakini kesho yake imeisha

Ama haichajiwi, ama kuna mtu anakunywa usiku.

Kuchaji unapima hivi, washa pikipiki, resi ya kati, mita kwenye betri. Kwa 12V unataka 13.5 mpaka 14.8. Kwa 6V unataka ipande ifike 7 na kidogo. Isipopanda kabisa, chomoa waya zinazotoka kwenye koili za kuchajia ndani ya magneti, pima volti za AC ukipiga resi, zikipanda vizuri makumi koili ni nzima na tatizo ni rektifaya (kinachogeuza AC kuwa DC ya kuchajia betri) au bodi yake. Rektifaya nyingi zinapata bodi kupitia boliti yake, kwangua rangi hapo kwanza. Ikipanda mpaka 15 au 16 regyuleta (kinachozuia volti zisizidi) imekufa, utajua ata bila mita, maji ya betri yanaisha kila wiki na balbu zinaungua. Na usiitembeze pikipiki ya hivi bila betri kabisa, kwenye nyingi balbu zote zinakufa siku hiyo hiyo.

Kuvuja usiku, zima kila kitu, chomoa hasi, weka mita kwenye ampia kati ya waya wa hasi na kichwa cha betri. Pikipiki ya zamani isiyo na redio wala saa inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma kitu anza kuchomoa, kwanza alamu ya Kichina iliyofungwa baadae, chaja ya simu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye betri, alafu rektifaya. Utakachochomoa namba ikaanguka ndio mwenyewe. Usijaribu kupiga honi wala stata mita ikiwa hapo, fyuzi ya mita inakatika.

Kwa wenye 6V

Balbu na betri za 6V saizi ni shida kupata, na wengi mnauliza kama unaweza kuhamia 12V. Kwenye zile za CDI ya AC inawezekana kwa sababu moto wa plagi una koili yake peke yake na hauguswi kabisa. Unabadilisha betri, balbu zote, flasha ya indiketa, honi, na unaweka regyuleta-rektifaya ya 12V, vyote kwa siku moja, ukiacha balbu moja ya 6V nyuma itaungua ukiwasha tu. Koili ya zamani ikikimbizwa inatoa volti za kutosha, ila injini ikiwa inanguruma taratibu taa zinafifia, tumia balbu za LED kwa taa ya nyuma na indiketa upunguze mzigo. Mimi yangu nimeifanya hivyo mwaka wa tatu huu, ule mweusi-mwekundu wa CDI sikuugusa, na nikitoka usiku mvua inanyesha taa inamulika mpaka kwenye mtaro.